Uzi wa Shali Usiuchague Ukiwa Kidonge

Juma lililopita mama mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, alikuja kwangu na vidonge vinne vya uzi mweupe wa pamba. Alitaka nimfumie bintiye shali ya harusi, ile ya matundumatundu, nyepesi ya kupepea. "Bi, nimechukua pamba kwa joto letu hili," akasema. Nilimwomba aurudishe dukani, na sababu yangu ndiyo hii.

Shali ya matundu haiishii kwenye sindano. Ukiitoa pale huwa imejikunyata, matundu yamefumba, huoni ua wala jani. Inakuwa shali siku unapoiloweka, ukaikamua kwa kuizungushia taulo, kisha ukaivuta na kuibana kwa pini juu ya godoro mpaka ikauke. Hapo ndipo uzi unapojulikana. Sufu ya kondoo ukiivuta ikiwa na maji na ikakaukia pale, hubaki hivyo mpaka uifue tena. Pamba haina tabia hiyo: itanyooka vizuri siku ya kwanza, lakini ni nzito, na ukishaivaa mara mbili tatu huning'inia na maua yakalegea. Pamba naitaka kwenye vitambaa vya meza. Hariri tupu nayo huteleza na kulegea, ila ikichanganywa na sufu hutoa mng'ao mzuri sana.

Na joto je? Shali nzima ya sufu nyembamba inaweza kuwa gramu 100 tu, na sehemu kubwa ni matundu. Wanawake wa Shetland, watu wa visiwani kama sisi, kaskazini kabisa mwa Uingereza, walifuma shali kubwa za sufu zilizoweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa. Jioni ya upepo wa kusi hapa Lamu, shali kama hiyo mabegani haimtoi mtu jasho.

Dukani usitosheke na kuambiwa uzi ni mwembamba. Soma lebo. Gramu 50 zenye mita 400 hivi, huo ndio wenyewe. Gramu 50 zenye mita 200 ni uzi wa soksi. Kwa shali ya kufunika mabega mimi hununua mita 800 kwa mara moja, na namba ya rangi iwe moja kwa vidonge vyote. Kama ndiyo kwanza unaanza, kaa mbali na moheri, uzi wa manyoya ya mbuzi. Manyoya yake hushikana, na ukikosea haufumuki. Niliwahi kukesha na safu nne tu za moheri, nikaishia kuzikata kwa mkasi.

Sindano ziwe nene kuliko unavyodhani, milimita 3.5 au 4, ili matundu yapumue. Napenda za mianzi zenye ncha kali: uzi hautelezi, na hazishiki kutu kwa hewa yetu ya chumvi.

Sasa hesabu. Kila tundu hutokana na kupitisha uzi juu ya sindano, na hapo umeongeza kitanzi kimoja. Lazima mahali fulani ukilipe kwa kufuma vitanzi viwili pamoja. Ukifika mwisho wa safu kimoja kimepungua, rudi polepole. Mara nyingi umesahau kupitisha uzi. Kila baada ya safu kumi napitisha uzi wa kushonea wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote. Nauita nanga. Ukilazimika kufumua, unafumua mpaka kwenye nanga, chombo hakipotei.

Pini nazo ziwe zisizoshika kutu, tafadhali. Shali yangu nyeupe ya kwanza niliibana kwa pini za kawaida usiku, asubuhi ukingo mzima una vidoa vya hudhurungi. Nimeifua mara ngapi sijui, havijatoka mpaka leo. Na usisuuzie maji ya kisima yenye chumvi. Tumia maji matamu ya Shela, kijiji jirani.

Yule mama amerudi juzi na sufu yenye hariri, rangi ya maziwa. Nimefuma kipande cha vitanzi 30, nimekilowesha na kukibana juu ya mto. Kesho baada ya alasiri atakuja kukiona kikiwa kimekauka, ndipo tuchague ua.