Kuwinda elki nje ya jimbo lako: dhana potofu na ukweli

Kila vuli, barabara za kuelekea jimbo la Colorado, Marekani, hujaa pikapu kutoka Missouri, Texas na Wisconsin, zimebeba mahema, masanduku ya barafu na watu ambao baadhi yao hawajawahi kumwona elki akiwa hai. Elki ni wa jamii ya kulungu wenye pembe za matawi. Dume hufika kilo 320 hivi: mkubwa kuliko nyumbu wa mbugani, mdogo kuliko pofu. Wengi hurudi mikono mitupu, na mara nyingi shabaha haihusiki kabisa.

"Leseni nitanunua nikifika."

Leseni nyingi za Colorado hutolewa kwa droo, na mwisho wa kuomba ni mapema Aprili, miezi kadhaa kabla ya msimu. Zile za kununua moja kwa moja zimebaki zaidi kwenye msimu wa pili na wa tatu wa bunduki, kwa madume tu, na katika vitalu vilivyotajwa. Za upinde kwa wasio wakazi zilifungwa mwaka 2025, kwa hiyo anayefuata maelezo ya binamu aliyekwenda 2018 atafika dukani na kukuta mlango huo haupo tena. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye lazima pia awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Cha jimbo lake kinakubalika.

Bei huwaudhi watu: mgeni hulipa zaidi ya dola 700 kwa dume, mkazi hata 100 hafiki. Lakini huko wanyamapori husimamiwa na jimbo, na jimbo huanza na watu wake. Mimi sioni dhuluma hapo.

Kwa ndugu zetu walioko huko: mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki bunduki. Wengi walioingia kwa viza ya muda wamekatazwa na sheria ya shirikisho, ila leseni halali ya uwindaji ni mojawapo ya misamaha. Ulizia vizuri kabla ya kuishika hata ya rafiki.

"Ardhi ya umma ni yetu sote, naingia popote."

Nusu ya hili ni kweli. Huhitaji kukodi kitalu kama mtalii anayekuja kuwinda Tanzania. Zaidi ya theluthi ya Colorado ni ardhi ya serikali kuu, na mtu wa kawaida mwenye leseni huingia, akapiga kambi na kuwinda. Shida iko kwenye mipaka. Colorado, mwenye shamba halazimiki kuweka uzio wala kibao. Ukivuka bila ruhusa, kosa ni lako. Wyoming nako, asiye mkazi hawindi wanyama wakubwa ndani ya nyika zilizotengwa kisheria bila kuongozwa na mwongozaji mwenye leseni au mkazi aliyeruhusiwa, ingawa hakuna anayemzuia kutembea humo humo na mkoba wake.

Halafu kuna kona za mipaka. Karne ya 19 serikali iliipa kampuni ya reli ya Union Pacific vipande vya maili moja ya mraba, kimoja cha reli, kinachofuata cha umma, hata ramani ya kusini mwa Wyoming ikawa kama ubao wa drafti. Vipande vya umma hugusana kwa ncha tu. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri, waliofuata elki huko Elk Mountain, walisimamisha ngazi juu ya ncha hiyo, wakapanda upande huu na kushuka upande ule bila kukanyaga udongo wa shamba. Wakashtakiwa kwa jinai. Baraza la mahakama likawaachia mwaka 2022, lakini mwenye shamba alikwisha fungua kesi ya madai, akisema thamani ya mali yake imeshuka kwa mamilioni ya dola. Alishindwa 2023, akashindwa tena kwenye rufaa Machi 2025, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Hukumu hiyo inabana majimbo sita, yakiwemo Wyoming na Colorado. Montana haimo, kwa hiyo usiende huko na ngazi yako ukidhani mambo yamekwisha.

"Elki ni wengi, nitapata tu."

Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote, zaidi ya 250,000. Hata hivyo, kwa leseni za kununua moja kwa moja, anayefanikiwa ni kama mmoja kati ya watano, au pungufu. Risasi za siku ya kwanza huwasukuma kwenye mashamba ya watu, na upepo hukusaliti: asubuhi hewa baridi hushuka bondeni, jua likipanda nayo hupanda. Vazi la rangi ya chungwa halina hatia, maana elki haioni rangi hiyo kama sisi, na wakati wa bunduki vazi la rangi hiyo au ya waridi inayong'aa ni lazima kisheria, pamoja na kofia.

"Nina mazoezi, mlima hautanisumbua."

Ugonjwa wa mwinuko hauulizi unakimbia kilomita ngapi. Kambi nyingi ziko kati ya mita 2,500 na 3,500, takribani kama kati ya vibanda vya Mandara na Horombo kwa waliopanda Kilimanjaro, ila wao hupanda kwa mguu na kulala njiani. Mwindaji huyu ameendesha gari usiku kucha kutoka tambarare. Kichwa kinagonga, chakula hakipandi, na siku mbili za leseni zimekwisha.

"Baridi itaitunza nyama."

Ngozi ya elki ni nene na manyoya yake ni ya majira ya baridi. Mzoga ulioachwa na ngozi usiku kucha unaweza kuwa na barafu mgongoni, na bado ukipenyeza mkono kwenye kiungo cha nyonga unakuta joto. Nyama inayoshika mfupa wa paja ndiyo huharibika kwanza: harufu ya uchachu, rangi ya kijani. Chuna mara moja. Wazoefu hawapasui hata tumbo. Wanamlaza ubavu, wanatoa paja, bega na mnofu wa mgongoni, wanamgeuza, wanarudia. Sarara hutolewa kwa kupitisha mkono nyuma ya ubavu wa mwisho. Paja moja lenye mfupa laweza kupita kilo 25, kwa hiyo mtu mmoja hupanda na kushuka mara nne au tano. Kuiacha nyama porini ni kosa. Kuiuza pia ni kosa; mabucha ya nyamapori ya Tanzania hayana mwenzake huko. Ushahidi wa jinsia ubaki umeshikamana na nyama, maana askari wa wanyamapori atautafuta.

"Ikiiva, haina ugonjwa."

Ugonjwa sugu wa kudhoofisha kulungu ulionekana kwanza Colorado mwishoni mwa miaka ya 1960. Chanzo chake ni protini iliyopinda umbo, na moto wa jikoni hauiharibu. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini ushauri wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ni kupima mnyama na kutokula aliyepatikana nao. Kwa sababu hiyo majimbo mengi hukataza kuingiza ubongo na uti wa mgongo, na kichwa kizima chenye pembe ndicho kinachowaponza watu. Kata bamba la fuvu pamoja na pembe, lisafishe hadi lisibaki na tishu, nyama ibebwe bila mifupa ya mgongo. Soma kanuni za jimbo lako na za kila jimbo utakalopita njiani.