Tofauti ya kijinsia kwenye ufaulu wa kompyuta shuleni, maana yake nini hasa?

Ukisikia watu wa elimu wanaongelea tofauti ya kijinsia kwenye ufaulu wa kompyuta, wanamaanisha kitu kidogo kuliko tunavyodhani: umechukua watoto wa darasa moja, umewapa mtihani mmoja wa kompyuta, ukapiga wastani wa wasichana na wastani wa wavulana, ukatoa huu kwenye huu, kinachobaki ndo hiyo tofauti. Basi. Haisemi nani ana akili, haisemi nani anapenda kompyuta wala nani atakuja kuwa injinia. Ila kwenye maongezi yetu hayo yote tunayatupa kapu moja, na hapo ndo watoto wa kike wanapoumia.

Tuchukue Marekani maana kule wamepima. Shule yao ya kati ni kama darasa la 6 mpaka la 8, watoto wa miaka 11 mpaka 14 hivi, kwa Kenya ni umri wa wale wa junia sekondari, kwa Tanzania ni wa darasa la sita mpaka kidato cha pili. Wana upimaji wa taifa unaitwa NAEP, huo haumpandishi mtoto darasa wala haumfelishi, unachukua sampuli tu ili wajue nchi imesimama wapi. Mwaka 2014 wakapima teknolojia na uhandisi kwa darasa la 8, wanafunzi kama 21,500 kwenye shule kama 840, na wote walifanyia kwenye kompyuta. Na maswali yake hayakuwa ya kukariri mausi ni nini na kibodi ni nini. Kazi mojawapo iliyotengenezwa kwa ajili ya upimaji huo inamweka mtoto mbele ya pampu ya mkono ya kisima cha kijiji, pampu imeharibika, inabidi atafute tatizo liko wapi, aanze kukagua kipi, na airekebishe vipi, yaani kitu ambacho mtu yeyote aliyekulia kijijini kwetu angekielewa bila kuelezwa.

Matokeo? Wasichana 151, wavulana 149, kwenye kipimo cha 0 mpaka 300. Wakarudia 2018, wasichana 155, wavulana 150. Wasichana juu, mara zote mbili.

Kimataifa nako kuna utafiti unaitwa ICILS, unapima ujuzi wa kutumia kompyuta na habari, nao ni wa darasa la 8, na mwaka 2013 wasichana walipata wastani wa 509, wavulana 491. Mule mtoto anapewa kwa mfano kazi ya kutengeneza bango la kutangaza mazoezi ya baada ya masomo, atafute habari, achague ya kuaminika, aipange ieleweke kwa wenzake. Mwaka 2018 wakaongeza sehemu ya kufikiri kiprogramu, kuna kazi ya kuelekeza droni ya shambani kwa kupanga amri moja moja, na kwenye sehemu hiyo wavulana walitangulia kwa alama chache. Kwa hiyo jibu la nani yuko juu linategemea ulipima nini, na mtu akikuletea namba bila kukwambia mtihani ulikuwa wa nini, usiibebe hiyo namba.

Kingine ambacho watu wanakiruka ni kwamba wastani sio mtoto. Tofauti ya alama 18 kwenye ICILS ya 2013 inaonekana kubwa lakini watoto wenyewe wametawanyika sana, kuachana kwa alama 100 ni jambo la kawaida kabisa humo ndani. Ukiokota msichana mmoja na mvulana mmoja bila kuchagua, ukafanya hivyo mara 100, msichana atakuwa juu kama mara 55 hivi na mvulana mara 45. Ndo ukubwa wa hiyo tofauti. Mwalimu anayeingia darasani akiwa ameshaamua nani ataweza kwa kuangalia sketi na suruali, hana tofauti na mtu anayerusha shilingi.

Sasa pengo lenyewe liko wapi? Kwa maoni yangu liko kwenye kujiamini na nafasi. Kwenye ICILS hiyohiyo watoto waliulizwa wanajionaje, na kwenye kazi zinazoonekana ngumu kama kuandika programu au kuunganisha mtandao, wavulana walijipa uwezo mkubwa kuliko wasichana, wakati kwenye mtihani wenyewe wasichana ndo walikuwa mbele kwa jumla. Hicho sio ufaulu, ni imani ya mtu juu ya uwezo wake, na inapimwa kwa dodoso sio kwa mtihani, ila ukisoma harakaharaka unaweza kuchanganya ukasema wavulana wanajua zaidi kumbe wamesema tu kwamba wanajua.

Na nafasi ndo naijali zaidi. Ingia maabara ya kompyuta ya shule zetu, watoto watatu wanne kwenye mashine moja, angalia nani ameshika mausi na nani ameshika daftari. Mara nyingi msichana ndo anaandika hatua, mwandiko safi, mvulana ndo anabofya, kipindi kinaisha hivyo na wiki ijayo hivyohivyo. Ukija kuwapima kwa vitendo mwisho wa mwaka ukakuta tofauti, umepima nani alishika mausi.

Marekani wamelilipia hili. Mwaka 1984 wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliohitimu digrii ya kompyuta, baadaye wakashuka mpaka kama 18, na hao wasichana wa darasa la 8 wanaopata alama nzuri bado wengi hawaendi huko. Allison Master na Sapna Cheryan, wakiwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, walilichunguza hili kwa wanafunzi wa sekondari, utafiti wao ulitoka 2016, wakawaonyesha picha za madarasa mawili ya kompyuta, moja limejaa mabango ya filamu za anga na mambo ya gemu, lingine picha za mazingira na mimea. Kwenye hilo la pili wasichana waliotaka kujiandikisha somo walikaribia mara tatu ya lile la kwanza. Hamu ya wavulana haikubadilika.