Pampu ya trela inalia lakini maji hayatoki? Usinunue mpya bado

Juzi nimeletewa trela ya kambi hapa Malindi, wenyewe walikuwa Tsavo Mashariki siku nne, wakatokea geti la Sala wakashuka mpaka pwani, na siku zote hizo wameoga kwa kopo manake pampu ya maji inanguruma tu na mferejini hakutoki kitu. Na ni pampu mpya, ya zamani waliitoa kabla ya safari kwa sababu maji yalikuwa yanakuja kidogo kidogo. Mama mwenye trela akaniambia, "Fundi, hii ya pili sasa, wametuuzia mbovu." Nikamwambia mama ngoja kwanza, tuiulize pampu yenyewe.

Hizi pampu ndogo za volti 12 nyingi ni za diaframu, yaani ndani kuna mpira unaochezeshwa na mota, unavuta maji tenkini unayasukuma mbele, na kichwani kuna swichi ya presha. Ukifunga mfereji presha inapanda swichi inakata, ukifungua inashuka pampu inawaka tena. Kwa hivyo ikiwa kimya kabisa, anza na fyuzi na moto wa betri, halafu unganisha zile waya mbili za swichi ya presha kwa sekunde chache, ikiwaka basi swichi ndiyo imekufa na pampu bado nzima. Ikiwa inawaka na kuzima usiku na hakuna aliyefungua maji, kuna mahali panavuja, au valvu ya ndani inarudisha maji tenkini.

Sasa hii ya kulia bila maji ndiyo inayowamaliza watu pesa. Tenki lilikuwa na maji, nimelichungulia kwa macho yangu sikuamini geji. Nikachomoa mpira wa upande wa kuvuta, nikafunga kipande kingine kifupi nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji safi, nikawasha. Maji yakaja mferejini! Basi pampu haina neno, ubaya uko kati ya tenki na pampu.

Na hapa ndipo wengi wanapotea, wanatafuta palipolowa. Upande wa kusukuma, pakivuja utaona maji, lakini upande wa kuvuta pakiwa na upenyo hapatoki maji, panaingia hewa, na pampu ikipata hewa haina haja ya kuhangaika na maji mazito ya tenkini, inavuta hewa tu. Kila kitu kikavu na bado pana tundu. Nikaenda kwenye chujio, kile kikombe cha plastiki kabla ya pampu, nikauliza kilifunguliwa lini, mzee akasema walikisafisha kule kambini siku ya kwanza. Kusafisha ni vizuri sana, lakini chembe za mchanga zilibaki kwenye ule mpira wa duara wa kifuniko na hazikuacha kikae sawa. Nimeuosha, nimeupaka grisi ya silikoni kidogo, nimekaza kwa mkono, kwisha.

Lakini maji bado yalikuwa dhaifu, na kumbuka huo ndio ulikuwa ugonjwa wa ile pampu ya zamani pia. Betri napima 12.6, safi. Napima kwenye pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi, napata 10.3. Hizi volti mbili na zaidi zimeenda wapi? Tafadhali pima pampu ikiwa imewaka, ikiwa imezima tesita itakuonyesha 12 na utadanganyika, manake waya mbovu inapitisha volti vizuri mpaka ibebeshwe mzigo. Nikaweka ncha moja kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye negativu ya pampu, karibu zote zilikuwa zinapotelea hapo. Nikalala chini ya trela, bolti ya athi, ile inayofunga waya wa negativu kwenye chesisi, imeliwa na kutu na shaba imegeuka kijani, na si ajabu, trela hukaa Watamu karibu na ufuo na kusi ikivuma ule mvuke wa chumvi unaingia kila mahali. Nimekata waya mpaka penye shaba inayong'aa, nikaweka kichwa kipya, nimekwangua chesisi, nimekaza na kupaka grisi. Pampu ikapanda 12.1 na mama akafungua mfereji akapiga kelele ya furaha. Kama mnakaa karibu na bahari wekeni waya za boti, zile shaba yake imepakwa bati, bei iko juu kidogo lakini zinadumu sana.

Ile pampu ya zamani walikuwa nayo bado kwenye buti wanataka kuitupa. Nimeifunga kwenye betri, mpira ndani ya ndoo, inavuta vizuri kabisa, nimewarudishia waiweke chini ya kiti pamoja na mpira wa duara wa akiba.