Jua la baridi nalo linaunguza

Mionzi ya urujuanimno ni sehemu ya mwanga wa jua ambayo jicho haliioni na ngozi haiihisi. Inayotufikia ni ya aina mbili: UVB, inayounguza tabaka la juu la ngozi na kuharibu vinasaba vya seli, na UVA, inayopenya hadi ndani na kuzeesha ngozi. Zote mbili huchangia saratani ya ngozi.

Tatizo ni kauli inayosikika Dodoma kila Juni na Julai: "Siku hizi jua si kali, ni baridi tu." Hapo joto limechanganywa na mionzi. Upepo ule mkavu unapoza mwili, lakini haupunguzi mionzi hata kidogo. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 huongeza mionzi kwa takriban asilimia 10. Hata Juni, jua likiwa limehamia kaskazini, mchana hupanda hadi nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho (utosini ni 90). Mkulima wa Hombolo aliyeinamia mizabibu yake kavaa sweta, kichwa wazi, anaungua masikio na shingo asijue, maana athari hufika kilele saa kadhaa baadaye, pengine kesho yake. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu sana. Huanza kuwasha, kisha hubabuka.

Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hupunguza mionzi, haiizuii yote. Mwenye ualbino hana kinga hiyo au anayo kidogo mno, na anayejipaka mkorogo anaibandua mwenyewe.

Ukitaka kupima, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mionzi ni mikali, hata kama unatetemeka. Dodoma jua hufika juu kabisa kati ya saa 6:20 na 6:50 mchana, kutegemea mwezi, kwa hiyo saa 8 bado ni hatari. Kapelo huacha masikio na shingo wazi. Vaa pama yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi. Losheni ya kukinga jua iwe SPF (kipimo cha kinga dhidi ya kuungua) 30 kwenda juu. Uso na shingo huhitaji mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili, na hurudiwa kila baada ya saa 2. Wengi hupaka nusu ya hapo, halafu wanailaumu losheni.

Kwa hiyo, mwalimu, mtoto mwenye ualbino usimwambie avae kofia "jua likiwa kali". Mwambie aivae kila atokapo nje mchana, Julai sawa na Oktoba.