Bagi yako hatujaidharau

Wiki iliyopita nilikuwa mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa hapa Mwanza, dada mmoja muuza dagaa ambaye ni mweka hazina wa kikoba chao akanivuta pembeni akanionyesha simu, akasema "mdogo wangu, hili tatizo nimewaambia tangu mwezi wa tatu, mbona mmenidharau?" Iliniuma kweli. Programu yetu ya hesabu za vikoba ni huria, yaani msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote, tunaijenga kwa kujitolea watu tisa, kila mtu ana kibarua chake cha mchana, na hakuna aliyemdharau. Ila nimeona watu wengi, hata sisi wa ndani, tuna dhana potofu kibao kuhusu bagi (kosa ndani ya programu) ipi ianze kurekebishwa na toleo jipya litoke lini, kwa iyo ngoja niziseme.

Dhana: iliyoripotiwa kwanza irekebishwe kwanza, kama foleni ya kivuko.
Hapana. Ni kama mapokezi ya dharura hospitali, anayevuja damu anapita mbele ya mwenye mafua hata kama mwenye mafua kafika alfajiri. Tunajiuliza: inapoteza hesabu za watu? Inamfungulia mwizi mlango? Inawapata wangapi? Kuna njia ya kuizunguka kwa sasa? Debian, ambao nao ni mradi mkubwa wa watu wa kujitolea wanaojenga mfumo wa kuendesha kompyuta, wana ngazi saba za ukubwa wa bagi na ni tatu za juu tu ndo zinahesabika kuzuia toleo, hizo nyingine zinasafiri nalo na zinaendelea kushughulikiwa taratibu.

Dhana: ukubwa wa bagi na uharaka wake ni kitu kimoja.
Hapa ndo tulipomkosea yule dada. Aliandika kwamba jina la mwanachama wake linaonekana "Ng" tu, limekatika, sisi tukaliwekea lebo ya muonekano, yaani dogo, likashuka chini ya orodha likakaa. Kumbe ile alama ya juu kwenye ng' programu ilikuwa inaisoma kama mwisho wa jina, na Usukumani huku majina ya Ng'wana fulani yamejaa kila kikoba. Kwenye orodha ya wanachama kweli ilikuwa muonekano tu, lakini ukifika kwenye ripoti ya mgao wanachama wawili wote wanakuwa "Ng" na hisa zao zinajumlishwa mstari mmoja, sasa hiyo siyo muonekano tena, hiyo ni pesa ya mtu! Ukubwa ni madhara, uharaka ni zamu. Neno lililokosewa ukurasa wa kwanza lina madhara madogo ila unalimaliza dakika tano, limalize leo. Programu kujifunga kwenye aina moja ya simu ya zamani ni jambo kubwa kwa mwenye simu ila inaweza ikasubiri kama ana kompyuta ya kutumia. Na lebo siyo chale, taarifa mpya ikija inabadilishwa, sisi hatukurudi kuiangalia miezi kadhaa na hilo ndo kosa letu.

Dhana: anayelalamika sana ndo mwenye bagi kubwa.
Wengi wanaoumia hawasemi, wanarudi kwenye daftari kimya kimya.

Dhana: toleo litoke likishakuwa halina bagi hata moja.
Toleo hilo halitatoka, na wakati unalisubiri watu wanaendelea kuumia na bagi ambazo ulishazirekebisha ila zimelala kwenye laptopu yako. Ndo maana miradi mingi imeamua kwenda na kalenda. Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, tangu 2004 wanatoa Aprili na Oktoba, LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, ni Februari na Agosti, kernel ya Linux, yaani kiini cha mifumo kama hiyo, inapokea vitu vipya wiki mbili tu halafu wiki kama saba hivi zinazobaki ni kutesti na kurekebisha. Kalenda nayo siyo msahafu, Ubuntu 6.06 ilitakiwa itoke Aprili 2006 wakaisogeza mpaka Juni ili waikamilishe vizuri. Wavuvi wa dagaa wa hapa ziwani wanaishi hivi miaka yote: mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, kwa iyo siku hizo wanashona nyavu na kuziba mitumbwi, giza likirudi wanaingia, wavu ambao haujaisha kushonwa unabaki nchi kavu usubiri giza lijalo, ila mtumbwi wenye tundu hauingii majini hata iweje. Na sisi sasa tunatoa kila miezi mitatu, wiki mbili za mwisho hakuna kitu kipya kinachopokelewa hata kiwe kizuri namna gani.

Dhana: kiongozi wa mradi atawapangia watu kazi.
Humlipi mtu, utampangiaje? Unachoweza ni kuweka orodha iliyo wazi, kuuliza kila mtu ana masaa mangapi kweli kweli, halafu kupunguza mzigo. Msimu wa kulima nusu yetu wako vijijini huko Sengerema na Magu, toleo la msimu huo tunalifanya dogo makusudi.

Dhana: msimbo uko wazi, bagi mbaya lazima mtu ataiona.
Uwazi unampa mtu nafasi ya kuangalia, ila haumlazimishi aangalie. Bagi ya usalama iliyoitwa Heartbleed iliingia kwenye toleo la OpenSSL lililotoka Machi 2012 na ikatangazwa Aprili 2014, miaka miwili, kwenye programu iliyokuwa inalinda sehemu kubwa ya intaneti. Lazima kuwe na mtu ambaye zamu yake ni kuangalia.

Dhana: kama hujui kuprogramu huna cha kuchangia.
Yule dada tulikaa naye juu ya magunia, akanionyesha hatua kwa hatua: bonyeza hapa, andika jina hili, fungua mgao, ona. Simu aina gani, toleo lipi, alitegemea kuona nini na akaona nini. Jioni ile ile tukaipata bagi, kuirekebisha ikachukua siku mbili, na ilikuwa imekaa miezi. Tumemuomba awe anatujaribia kila toleo kabla halijatoka, akasema sawa, ila iwe siku za mbalamwezi, mwaloni unakuwa umepoa.