Miaka 55 si tiketi ya kupunguzwa kazi

Maofisini Dodoma kuna imani ya siku nyingi: kampuni ikipunguza watu, meneja aliyefika miaka 55 hutangulia, kwani "anastaafu hata hivyo". Si kweli. Miaka 55 ni umri wa kustaafu kwa hiari, na hiari hiyo ni ya mfanyakazi. Lazima ni 60. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja umri waziwazi miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa mapema, aeleze sababu, kisha ashauriane na wahusika kuhusu vigezo vya kuchagua wa kuondoka. Barua ikisema "tunahitaji damu changa", itunze vizuri. Huo ni ushahidi.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Meneja wa ghala Kizota anayelipwa shilingi 2,600,000 kwa mwezi na kufanya kazi siku 6 kwa wiki hupata 7,000,000, hata kama ametumikia miaka 22.

Wengi hukwama kwa kungoja ahadi za mdomo. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa.