"Mbegu ziko kabatini, shida ikija napanda"

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Safari hii ni mama mmoja wa Chikongola hapa Mtwara mjini, kaniita nikamwangalizie mpapai wake unanyauka, nimemaliza na mpapai nikamuuliza mama mbona uani peupe hivi, hata tembele hamna, akacheka akanambia "bibi shamba, mimi mbegu ninazo, pakiti nane ziko kabatini, ikija shida napanda." Nilichoka. Sio kwamba mama yule hajui kitu, ana duka lake na hesabu anapiga kunishinda, ila hiyo kauli nimeisikia Ligula, nimeisikia Mikindani, nimeisikia Lindi mjini kwa mwalimu kabisa, na kila anayeisema anaisema kwa utulivu wa mtu aliyeshamaliza kazi. Sasa naandika, nikiambiwa tena natuma hii halafu napanda boda yangu naondoka.

Tuhesabu siku, maana hapo ndo watu hawataki kukaa. Hidaya mnaikumbuka, Mei 2024. Kimbunga kimetua Mafia tarehe 4, mvua ikatushukia huku kusini, barabara ya kwenda Dar ikakatika upande wa Kilwa kule Somanga, magari yakalala njiani na abiria wake. Haya, wewe una kabati lako la pakiti nane, tarehe 5 asubuhi unatoka nje na jembe. Mchicha ukiwahi sana unauchuma wiki ya tatu, kawaida ya nne, Juni hiyo imeingia. Majani ya kunde hivyo hivyo. Choroko mpaka ule punje ni siku 60 mpaka 75, hapo tuko Julai. Viazi vitamu miezi mitatu mpaka mitano. Muhogo hata ule wa kuwahi uupe miezi tisa, yani tutaonana Februari, barabara ilishafunguliwa zamani, malori yanapita, wewe bado unamwagilia. Na kumwagilia kwenyewe sio utani, kwa sababu sisi huku sio Tanga, hatuna vuli na masika, tuna msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba na ikifika Mei mvua zinaaga. Ukipanda baada ya kimbunga cha Mei umepanda kiangazi, kila tone litatoka kwenye ndoo.

Sasa niambie hizo pakiti zimekusaidia nini. Shida nyingi zinazotukuta huku ni za siku kadhaa au wiki chache, barabara imekatika, bahari imechafuka samaki hakuna, hela ya korosho haijaingia na dukani deni limejaa. Hapo unahitaji kitu kilichokwisha ota, unatoka na kisu unarudi na mboga. Kenneth nayo, kimbunga cha Aprili 2019, tuliambiwa inatujia sisi, watu wakahamishwa, ikaenda kupiga Msumbiji kaskazini, nikafikiri tumejifunza. Kumbe watu walichojifunza ni kununua pakiti.

Halafu hizo pakiti zenyewe. Yule mama nilimwomba nizione, akazileta, mbili muda wake uliisha 2022, na kabati liko kwenye chumba cha bati bila dari, mchana pale ndani mshumaa unalegea. Mbegu ni kitu hai jamani, inapumua, joto na unyevu ndo vinaiua, na pwani tunavyo vyote viwili bure. Mbegu ya kitunguu hata ikitunzwa vizuri mwaka mmoja miwili imechoka, ya nyanya inavumilia zaidi, lakini sio kwa kuokwa. Nikamwambia leta kitambaa kibichi, tukahesabu mbegu 10 za mchicha na 10 za nyanya, tukazikunja humo, tukaweka kwenye sahani tukafunika na nailoni. Baada ya wiki nikapita: mchicha zimeota tatu, nyanya moja. Fanya na wewe leo, haina gharama. Zikiota chini ya tano, hizo panda nyingi sehemu moja ziishe, usizihesabu kama akiba. Ukitaka kutunza, tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, nusu majivu makavu yaliyopoa, mbegu kwenye karatasi juu yake, chupa ikae chini karibu na mtungi wa maji na sio juu ya kabati. Na kama pakiti imeandikwa chotara, usikamue mbegu kwenye nyanya zake ukategemea kupata nyanya ile ile mwakani.

Na bado sijafika panaponiuma. Vyakula vya shida vya kwetu havina pakiti! Muhogo unapandwa pingili, kiazi kinapandwa marando, gimbi linapandwa chipukizi. Marando ukiyakata yanakaa siku chache tu kivulini, pingili ukizisimamisha vizuri chini ya mti pengine mwezi zaidi kidogo, baada ya hapo ni kuni. Kwa hiyo banki ya hizi mbegu ni ardhini, hakuna kabati. Kila Novemba nagongewa mlango, bibi shamba tunaomba marando, kwa nini, kiangazi yamekufa yote. Na kila Novemba nawapeleka kwa bibi mmoja Mikindani ambaye eneo lake lote ni kama chumba kimoja na nusu, ila maji ya bafuni kayachimbia kamfereji, pale kuna marando mwaka mzima, kijani Septemba wakati mtaa mzima ni vumbi. Nusu ya mtaa wamepandia marando yake. Hajawahi kununua pakiti ya mbegu, hasomi, na yeye ndo amejiandaa kuliko mwalimu wangu wa Lindi. (Sharti moja tu, maji ya bafu yasichanganyike na ya choo. Yakichanganyika sahau.)

Ukiniuliza mimi nipande nini leo kwenye kauani kadogo nitakwambia tembele pale maji yanapotoka, kisamvu mpira mmoja kwenye kona kwa sababu ule ni mti, unasimama miaka na majani unachuma kiangazi na wakati wa mvua, mlonge mmoja uukate kichwa usikimbilie juu, mashina ya muhogo mtamu kuzunguka uzio, na ndoo mbili za mchicha unazozipanda kwa kupishana wiki mbili mbili ili ya kwanza ikiisha ya pili iko tayari. Hapo mbegu zako za kabatini zimepata kazi. Tumia, nunua nyingine, tumia. Ukizoea kula bustani yako siku za kawaida, siku ya shida hutakuwa unajifunza.

Wengine sasa, kwa haraka.

"Sina eneo." Una kiroba? Jaza udongo debe mbili kwa debe moja la samadi iliyoiva, katikati simamisha kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, ukijaza udongo unalivuta juu kidogo kidogo mpaka kiroba kijae, hizo kokoto ndo njia ya maji. Toboa pembeni, chomeka miche. Kiroba kimoja kikubwa kinabeba miche kama 30 na kinakaa ukubwa wa stuli. Na nyie wa mchanga wa Shangani mnaosema udongo wetu haushiki maji, makumbi! Nasema kila siku makumbi ya nazi, yamejaa kila kona tunayachoma, loweka siku mbili umwage yale maji mekundu, yapange chini ya kiroba au chini ya tuta, yanashika maji kama sponji. Watu wakinisikia wananiita mama makumbi, sawa tu.

"Bustani ya kiroba itatulisha." Haitawalisha. Gramu 100 za mchicha zina kalori kama 23, mtu mzima anahitaji kama 2,000 kwa siku, piga mwenyewe, ni karibu kilo 9 za mchicha, hata mbuzi atakataa. Muhogo una nafuu, kama 160 kwa gramu 100, ila mashina kumi ya uani yakikupa kilo mbili mbili ni kilo 20, familia ya watu watano inamaliza siku tatu. Kwa hiyo unga na maharage weka ndani kama kawaida, bustani inakuletea mboga na vitamini, na muhogo unakusogezea siku. Uzuri wa muhogo ni kwamba hauuvuni mpaka uuhitaji, chini ya ardhi unakaa hata mwaka wa pili, ukishang'olewa siku mbili tatu umeharibika. Upepo ukiangusha mashina usihangaike, mizizi ipo. Ila maji yakituama pale siku kadhaa, chimba haraka, unaoza.

"Lazima nifiche, wataiba." Hapa nawaelewa, shida ikikaza hata jirani mwema anapitisha mkono. Lakini kujenga ukuta wa bati kuzunguka mchicha ndo kutangaza. Kinachojificha vizuri ni kile kisichofanana na chakula: kiazi kikuu kinachopanda juu ya mkorosho, nani anakitazama, gimbi pembeni ya bafu, tembele limetambaa kama pambo la mbele ya nyumba. Angalizo, tembele kivulini linatoa majani tu, viazi vinahitaji jua. Na nikwambie ukweli, kwa mitaa yetu mwizi wa kwanza ni kuku wako mwenyewe na wa pili ni mbuzi wa jirani.

"Maji ya sabuni yanaua mimea." Ya kusuuzia hayaui, mwaga chini kwenye udongo, usimwagie majani, na usirudie hapo hapo kila siku. Yenye jiki usimwage. Huko Newala watu wananunua maji kwa ndoo halafu ya kusuuzia wanayamwaga barabarani, hapo nakosa neno.

"Mlonge unatibu magonjwa 300." Ni mboga. Mboga nzuri sana. Basi.

"Njaa ikija tutachimba ming'oko." Ming'oko, vile viazi vya porini, napenda hata mimi, ya kuchemsha na chumvi. Ila pori la karibu limekwisha, na sio kila kamba yenye kiazi porini ni ming'oko, kuna jamii zake zenye sumu. Kama hujaonyeshwa na mtu anayezijua, kaa mbali.

"Muhogo ni muhogo." Hii nataka msikilize. Mchungu watu wanaupenda kwa sababu nguruwe na wezi hawaupendi, sawa, pandeni, lakini mchungu una sumu ya sayanaidi na kuutengeneza kunataka siku: umenye, uuloweke siku tatu nne mpaka ulainike, umwage maji, uanike ukauke. Kuanika tu bila kuloweka hakutoshi. Tatizo ni kwamba kwenye njaa ndo watu wanakata hizo siku, wanaula mwingi, wiki baada ya wiki, bila maharage wala samaki, na ukame unazidisha ile sumu kwenye mzizi. Matokeo yake yana jina, konzo, miguu inapooza ghafla na haitengemai tena, watoto na wanawake ndo zaidi, na huu mkoa wetu wa Mtwara imeshatokea. Kwa hiyo uani kwako panda mtamu, mchungu uwe wa shamba na uwe na unga wake tayari kabla hujaishiwa. Kisamvu nacho, cha kawaida na cha mpira, kitwange kwanza halafu kichemke sana bila mfuniko, usile kibichi eti kachumbari, nimeshaona.

Na la mwisho, wenye korosho mnisikie. Makopo na madumu ya dawa za kupulizia mikorosho sio ndoo za bustani. "Nimeosha mara tatu bibi shamba." Hata ukiosha mara kumi, plastiki imeshakunywa. Mifuko ya salfa nayo usiifanye kiroba cha mchicha, salfa inautia udongo uchachu mpaka mboga inagoma. Juzi nimekuta mtu Mingoyo kapanda mchicha mzuri kweli kwenye dumu la namna hiyo, umestawi, akanikatia fungu nikale nyumbani. Nikamshukuru, nikamwomba tulitoboe lile dumu wote wawili kwa msumari pale pale, akakubali kwa shingo upande, na mchicha tukaufukia.